Nilivyowasimulia akina mama wasifu wa Shirley Chisholm

Jumamosi moja kabla ya uchaguzi, akina mama ninaokutana nao hapa Brooklyn, New York, waliniomba niwaeleze namna ya kusoma zile karatasi za wagombea zinazoachwa mlangoni. Wengi wetu tunalea watoto wa watu, na baadhi ndiyo kwanza wamepata uraia. Karatasi zote zina mambo yaleyale: mgombea katoka familia gani, kasoma wapi, kafanya kazi gani. Kumchambua mgombea wa sasa kungeleta mabishano, kwa hiyo nikamchagua marehemu Shirley Chisholm, aliyegombea hapahapa mwaka 1968 na kuwa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani.

Neno lililonisumbua mapema ni "jimbo". Kwetu Tanga jimbo ni eneo la mbunge. Huku New York nzima ni jimbo. Niliposema alitoka bunge la jimbo akagombea jimbo, watu wakapotea. Nikaamua New York ibaki kuwa jimbo, na pale anapotoka mbunge wa Washington paitwe eneo la uchaguzi. Mambo yakanyooka.

Kwenye familia nilidhani nitapita haraka. Baba alitoka Guyana, akafanya vibarua viwandani. Mama alitoka Barbados, fundi cherehani na mtumishi wa majumbani. Maisha yalipowabana, Shirley na wadogo zake walipelekwa Barbados kwa bibi yao, akarudi Brooklyn mwaka 1934, karibu miaka kumi ya umri. Sebule ikanyamaza. Mmoja wetu ana watoto wawili kwa mama yake Muheza, na hajawaona miaka minne. Akauliza kwa sauti ya chini kama yule mtoto alimsamehe mama yake. Nikamjibu nililolijua: Chisholm aliishukuru shule ya kule Barbados, yenye ukali wake, kwamba ndiyo iliyomfundisha kuandika na kuzungumza vizuri.

Masomo hayakuchukua muda. Alimaliza Brooklyn College mwaka 1946, sosholojia, kisha akapata shahada ya uzamili ya elimu Chuo Kikuu cha Columbia. Alisoma na Kihispania, na alipogombea aliwaomba kura watu wa Puerto Rico kwa lugha yao.

Kosa langu lilikuwa kwenye kazi. Nilikuwa nimeandika sentensi moja tu, "akawa mwalimu wa chekechea", nikakimbilia siasa. Mama mmoja mtu mzima akanizuia: "Ngoja mwanangu. Chekechea miaka mingapi?"

Nikarudi kwenye daftari. Alianza kama msaidizi wa mwalimu kwenye kituo cha watoto Harlem, akakaa miaka saba. Kuanzia 1954 hadi 1959 aliongoza kituo cha Hamilton-Madison, Manhattan, chenye watoto 130 na wafanyakazi 24. Halafu akawa mshauri wa jiji kuhusu vituo vya watoto hadi 1964. Ukihesabu tangu alipomaliza chuo mwaka 1946 ni miaka 18, na mimi nilitaka kuipitisha kwa pumzi moja, mimi ninayefanya kazi hiyohiyo! Nikaanza upya kuanzia hapo. Safari hii, nilipofika alipoingia bunge la New York mwaka 1965 na kuwapigania watumishi wa majumbani walipwe mafao wanapokosa kazi, hakuna aliyehitaji maelezo. Mama yake alikuwa mmoja wao.

Tulichelewa zaidi kwenye kaulimbiu yake ya 1968. Kwa Kiingereza ni maneno mawili tu, kwamba hakuna aliyemnunua na hakuna bosi juu yake. Mimi nilileta "hanunuliki, haamrishwi". Yule mama mtu mzima akasema haamrishwi ni neno la mtoto mkaidi, wanasiasa huburuzwa. Basi tukaandika "Hanunuliki, haburuzwi", na tukaisoma pamoja kwa sauti. James Farmer, mpinzani wake mwanamume, mwanaharakati wa haki za raia, alikuwa na jina kubwa nchini kote, na bado alishindwa.

Chai ilipokwisha nikagawa karatasi za wagombea wa mwaka huu. Yule mama akavaa miwani, akaweka kidole chini ya jina la kwanza. "Huyu hapa wakili," akasema. "Na kabla ya uwakili alikuwa akifanya nini?"

Haikuandikwa. Akakunja karatasi, akaitia mkobani, akaniomba namba ya simu ya ofisi ya kampeni.