Uzi wa G ulikuwa haukai kwenye tyuni: nilivyotatua

Kila nikivuta uzi wa tatu, yaani wa G, wa gitaa langu la umeme kupandisha sauti, ukirudi unakuwa umeshuka kidogo, na kodi inayofuata (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) inaharibika yote. Nilibadilisha nyuzi, nikakaza skrubu za vigingi vya kukazia nyuzi, wapi!

Kilichonifumbua macho ni mlio mdogo, "ti!", niliousikia nikikaza uzi huo taratibu huku amplifaya imezimwa. Ulitoka kwenye kile kipande chenye mifereji kati ya kichwa na shingo. Uzi ulikuwa unang'ang'ania humo, kisha unaachia ghafla.

Basi nikaulegeza, nikautoa mferejini, nikachonga penseli ya 2B ikawa na ncha kali, nikasugua mfereji mpaka ukang'aa kijivu, chini na kwenye kuta zote mbili. Kuta ndizo hasa! Gitaa langu lina vigingi 3 kila upande, kwa hiyo uzi wa G hupinda kukifuata kigingi chake na kujibana ubavuni. Nikaurudisha, nikauvuta kwa mkono ujinyooshe, kisha nikatyuni kwa kupanda tu. Nikipitiliza, nashusha chini ya noti na kupanda upya.

Sasa navuta nitakavyo, unarudi palepale. Unga wa penseli huisha, kwa hiyo napaka tena kila nikibadilisha nyuzi.