Imeonekana

"Baba, huyu mbona hana mdomo?"

Mwanangu kashika karatasi aliyoikuta kwenye boksi la vyeti vyangu. Ina matundu mawili ya panchi na doa la chai. Nikacheka peke yangu.

Huyo ni Dilbert, mfanyakazi wa ofisini kwenye katuni za Kimarekani, mara nyingi mdomo hachorewi. Tai imebinuka juu kama mkia wa mbuzi, na nywele za bosi wake zimesimama mafungu mawili kama pembe. Mchoraji wake, Scott Adams, alianza kumchapisha magazetini Marekani mwaka 1989, akiwa bado mwajiriwa wa kampuni ya simu, na kazi hiyo hakuiacha mpaka 1995. (Mwaka 2023 magazeti mengi yalimtupa kwa aliyoyasema juu ya watu weusi. Hilo sikumwambia mtoto.)

Jamaa wa kompyuta wa ofisini kwetu ndiye aliyeitoa katuni hii intaneti, akaichapa kwa wino wa ofisi. Nikafuta Kiingereza kwa wino mweupe, nikajaza ya kwetu. Bosi anasema: "Nataka repoti ya kueleza kwa nini repoti zinachelewa." Repoti hiyo tulikuwa tunaiandika kweli, kila Ijumaa, nakala tatu. Nikaibandika ubaoni, nikaenda kunywa chai.

Saa nne Mkurugenzi akapita. Akasimama. Ghafla kila mtu ana kitu anakitafuta kwenye droo. Akapandisha miwani kwenye paji la uso, akasogea mpaka pua ikaikaribia karatasi. Akasoma kisanduku cha kwanza, cha pili, akarudi cha kwanza. Feni ilikuwa inapeperusha pembe ya karatasi, akaibana kwa vidole viwili kama anayemshika mtoto sikio. Kisha akachomoa kalamu nyekundu. Akakata "repoti" zote mbili, juu yake akaandika "ripoti". Chini: "Imeonekana. Masjala, hifadhi." Saini, tarehe. Akaendelea zake msalani.

Dada wa masjala akaitoboa, akaifunga kwenye jalada la Mengineyo. Siku naacha kazi, miaka mingi baadaye, alinikabidhi kwenye bahasha ya kaki bila neno.

Mzee hakucheka, wala hakuuliza nani kaandika. Wenzangu wengi wanasema hakuelewa. Jamaa wa kompyuta anaapa alituelewa kuliko tulivyojielewa. Mimi nilikuwa upande wa wengi, mpaka juzi nilipoishika tena ile karatasi. Mkurugenzi siku zote alisaini kwa kijani. Ile nyekundu aliitoa wapi?