Kutwa Phillip Island: genge la Woolamai, mchu wa Rhyll na pengwini wa usiku

Watu wengi hufika Phillip Island, kisiwa cha kusini mwa Australia, jioni. Basi la watalii linawatoa Melbourne, linawashusha ufukweni, wanawatazama pengwini, kisha wanarudi mjini usiku uleule. Wanajipunja. Kisiwa hiki kinataka kutwa nzima na viatu visivyoteleza, na pengwini wenyewe, ukiniuliza mimi, wanashika nafasi ya tatu.

Tulikuwa wawili, mimi na shemeji yangu anayeishi Dandenong, nje kidogo ya Melbourne. Tuliondoka alfajiri na chupa ya chai ya tangawizi. Kutoka katikati ya jiji ni kama kilomita 140 kuelekea kusini mashariki, na sehemu kubwa ya njia ni malisho ya ng'ombe. Sina la kusimulia hapo. Bahari inajitokeza San Remo, mji mdogo wa wavuvi, palipo na daraja la mwaka 1969 linaloingia kisiwani. Wabunurong, wenyeji wa tangu na tangu, wanakiita Millowl. Hilo la Phillip ni la gavana wa kwanza wa Kiingereza wa koloni la New South Wales.

Ilikuwa Desemba, na kwao Desemba ni kiangazi. Usihadaike. Tanga mwezi huo kaskazi inavuma na watu wanatafuta kivuli. Huku upepo ulikuwa unatoka kusini, na kusini ya hapo, ukishaipita Tasmania, hakuna nchi nyingine ila barafu. "Shem, hiyo kofia iage kabisa," shemeji aliniambia tulipofungua milango ya gari kwenye rasi ya Woolamai. Niliivua nikaisokomeza mfukoni.

Njia inaanzia kwenye maegesho ya ufukwe wa watelezaji mawimbi. Unashuka ngazi, unafuata mchanga kwa muda, halafu unapanda tena hadi juu ya genge. Huko mchangani tulikuta kamba zimezungushwa na kibao kinachoomba watu wapite chini, karibu na maji. Aliyelindwa ni kitwitwi mdogo mwenye kichwa cheusi na pete nyekundu kwenye jicho, ambaye hutaga mayai yake waziwazi juu ya mchanga, bila kiota cha maana. Mayai yana rangi ya mchanga huohuo. Mtu anaweza kuyakanyaga na asijue kamwe kama amekanyaga kitu.

Ukishafika juu, ardhi yote imetobolewa. Pande mbili za njia, chini ya mashina ya nyasi ndefu, kuna matundu ambayo ngumi mbili zingeingia kwa pamoja. Niliinama kwenye moja bila kutoka njiani: mchanga mbichi umemwagika mlangoni, unyoya mmoja wa kahawia iliyokoza umenasa kwenye mzizi, na harufu ya mafuta ya samaki inatoka ndani. Humo, kama mita moja kwenda chini, huwa amekaa ndege juu ya yai moja tu. Wenyeji wanamwita muttonbird. Ni ndege wa bahari kuu, mabawa yake membamba yakikunjuliwa yanakaribia mita moja kutoka ncha hadi ncha, na kila mwaka mwishoni mwa Septemba anarejea hapa kutoka bahari za Bering na Alaska, safari ya kama kilomita 15,000. Wengi hurudia tundu lilelile na mwenzi yuleyule. Yai hutagwa mwishoni mwa Novemba, na mume na mke hupokezana kulilalia. Mmoja akiwa chini ya ardhi, mwingine yuko baharini siku kadhaa.

La ajabu zaidi linakuja Aprili. Wazazi wanaondoka kuelekea kaskazini na kumwacha kinda tunduni, akiwa amenenepa hata kuwapita wao. Anabaki peke yake, anakonda, anamaliza kuota manyoya, kisha usiku mmoja anatoka na kushika njia ya Alaska bila kuongozwa na yeyote. Majuma hayo taa za daraja la San Remo huzimwa, maana makinda hufuata mwanga na kuangukia barabarani. Nikajiuliza ni wapi kwetu wangekubali kuzima taa za daraja kwa ajili ya ndege.

Mchana humwoni hata mmoja. Kuna ndege laki kadhaa kisiwani na wewe unasikia upepo tu. Ndiyo maana njia ina mipaka: ukichepuka hatua mbili, dari ya chumba cha mtu inaporomoka.

Magenge yenyewe ni ya itale yenye rangi ya waridi, na mahali panapoitwa Pinnacles yamesimama majini kama minara iliyoachwa nusu. Mbele zaidi kuna taa ya kuongozea meli, juu kabisa ya kisiwa, mita 109 kutoka usawa wa bahari. Hapo tuliketi chini, mgongo kwa upepo, tukanywa chai. Upande mmoja bahari iliyochafuka hadi upeo wa macho, upande wa pili ghuba ya Western Port imetulia tuli na San Remo ikionekana na daraja lake. Kurudi tulipitia kwenye machimbo ya zamani, ambako miaka ya 1890 walikata itale ya kujengea jumba la fahari la kampuni ya bima mjini Melbourne. Jumba lilishabomolewa. Genge lipo.

Saa sita mchana tulikuwa San Remo, kwa sababu muda huo wavuvi huwalisha mwari, wale ndege wakubwa wenye mfuko chini ya mdomo. Huwa wameshafika kabla ya ndoo. Mwari wa Australia ndiye anayetajwa kuwa na mdomo mrefu kuliko ndege wote duniani, na kwa karibu unauona ule mfuko ulivyo mwembamba, mishipa ya damu ikipita ndani yake, samaki akiserereka akiwa mzima. Baada ya hapo tukanunua chipsi na samaki. Wanamwita flake. Nilipomuuliza muuzaji ni samaki gani, ikawa ni papa. Papa! Nyama laini, nyeupe, haina mfupa, ila haikuonja chumvi ya ng'onda wala nazi. Shemeji alikula zote mbili, yake na nusu ya yangu.

Rhyll ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Ni upande wa kaskazini mashariki wa kisiwa, hakuna genge wala wimbi, ni matope tu na njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko. Na mikoko hiyo ni mchu. Mchu huuhuu wetu, jamii ileile ya Tanga, Rufiji na Lamu, hapa ukiwa miongoni mwa mikoko iliyo kusini zaidi duniani. Baridi imeudumaza, mingi inanizidi kimo kidogo tu, wakati kwetu mchu mtu anaupanda. Lakini vijiti vya mizizi vimechomoza matopeni vilevile, na jani ukiligeuza lina rangi ya majivu vilevile. Nililamba moja. Chumvi. Shemeji, ambaye amekulia Morogoro, alitazama pembeni kama mtu asiyenijua.

Maji yalikuwa yamekupwa. Mbali, kwenye ukingo wa tope, darubini ilituonyesha sululu watatu, ndege wale wakubwa wa mashariki ya mbali ambao mdomo wao umepinda na ni mrefu kiasi cha kutia shaka kama wanaweza kulala nao. Hao huzaliana Urusi na kaskazini mashariki mwa China, na huja kumalizia mwaka hapa. Idadi yao imeporomoka vibaya, kwa kuwa matope wanayotua njiani kule bahari ya Manjano yamefukiwa ili kupata ardhi ya viwanda na bandari. Wakisimama Rhyll hawasumbuliwi na mtu, lakini Rhyll peke yake haiwatoshi.

Barabara ya kwenda magharibi ina bata bukini wa Cape Barren kila shamba, wa kijivu, na sehemu ya juu ya mdomo imepakwa kijani kibichi cha ndimu. Wanavuka barabara bila haraka. Tuliwasubiri.

Nobbies, mwisho kabisa wa kisiwa, ni lazima ufike mapema kwa sababu wanafunga njia kabla ya jua kuzama. Huku mwamba ni mweusi, wa volkano, na njia za mbao zinashuka mpaka karibu na povu. Shakwe wamejaa, na uvundo wao pia, na makinda yao yenye madoa yanakukodolea macho pembeni ya kitako cha reli. Chini ya mbao kuna visanduku vya kulala pengwini. Katika kimoja tuliona mgongo wa buluu na jicho moja. Baharini, kama kilomita moja na nusu, ipo miamba ya sili, maelfu kwa maelfu. Kwa macho matupu ni mawe. Kwa darubini mawe yanagombana.

Rasi hiyo, Summerland, zamani ilikuwa mtaa. Kulikuwa na nyumba, hoteli, barabara, mbwa na paka, na pengwini walikuwa wanakwisha. Mwaka 1985 serikali ya jimbo la Victoria iliamua kununua kiwanja kimoja baada ya kingine, na ilipofika 2010 kazi ilikuwa imekamilika, nyumba zimeondolewa. Leo ni nyasi tupu na matundu. Mimi nimezoea habari za ufukwe kugeuka hoteli. Hii ya hoteli kugeuka ufukwe sikuwahi kuisikia.

Saa mbili usiku jua bado lilikuwa linatuchoma macho, na sisi tunaingojea magharibi. Lilizama karibu saa tatu kasorobo. Majukwaa yalikuwa yamejaa, na kupiga picha ni marufuku. Halafu pengwini wakatoka majini, sentimita 33 za kimo, kilo moja ya uzito, kundi la kumi hivi. Shakwe mmoja akaruka, mmoja wao akaogopa akarudi baharini, na wote wakamfuata. Wakaja tena. Wakarudi tena. Watu walicheka, na mimi nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa yameshapanda juu: muttonbird walikuwa wanaingia kutoka baharini kwa mamia, kimya, wakipita usawa wa vichwa vyetu na kujibwaga nyasini kwa kishindo, maana hewani ni mabingwa na nchi kavu hawajui hata kusimama.

Maegeshoni kila dereva alikuwa amepiga magoti na tochi ya simu, kama vibao vinavyoagiza. Chini ya gari letu hapakuwa na kitu. Chini ya gari la jirani alikuwepo pengwini mmoja, na familia nzima ilikuwa imesimama pembeni, funguo mkononi, ikimsubiri aamue mwenyewe.