Fine, mama

Wiki hii tumemzika shangazi yake Baba Neema kule Kasulu, bosi mpya ametimiza mwezi, na lile geti letu hatimaye limepata komeo (mliofuatilia sakata lake: fundi alirudi mwenyewe bila kuitwa). Ila kinachoninyima usingizi ni neno moja tu.

Jumatatu nilipeleka ripoti ya robo. Ni ripoti ya faini, kama kawaida yetu huku mwaloni, boti zinakoshusha samaki: nani alikamatwa na kokoro, ule wavu wa kukokota, nani alivua kwa chandarua, nani kalipa, nani bado anatuzungusha. Safari hii nilijituma. Nilianzia 2024, uvuvi Ziwa Tanganyika ulipofungwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nikalinganisha kabla na baada, nikaweka na jedwali ambalo hakuna aliyeniomba. Nikasimama mbele ya meza. Bosi akafunua ukurasa wa kwanza, akarukia wa mwisho, akafunga jalada.

"Fine, mama."

"Ahsante, mkuu."

Akainua macho. "Kuna kingine?"

"Hapana, mkuu."

Nikatoka. Basi, ni hayo tu.

Usiku nikawa nalisema lile neno kwa sauti yake, mpaka Baba Neema akauliza ni nani huyo anayeambiwa fine kitandani kwake. Nikamweleza. Mtu akilivuta, "faaain", amekusifu. Akilikata, "fain", anakuambia toka nina kazi. Sasa bosi alivuta au alikata? Jumatatu usiku nilikuwa na hakika alikata. Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye bodaboda nateremka kutoka Mwanga, lilishaanza kuvutika kidogo. Kufika ofisini likakatika tena.

Mzee wa stoo nilipomsimulia wala hakuniliwaza. "Mama Neema, umempelekea ripoti ya faini, naye kakupiga faini. Andaa hela." Ofisi nzima ikaangua kicheko, hata yule dada wa stakabadhi ambaye meno yake tulikuwa hatujawahi kuyaona. Tangu hapo nikipita koridoni naulizwa kama nimeshalipa.

Nikampigia Neema. Mtoto anasomeshwa Kiingereza chuo kikuu kwa dagaa wangu, lazima siku moja nile faida. Akaniambia mzee wa stoo hajakosea sana: faini na fine ya kusifu ni ndugu. Zote chimbuko lake ni finis, Kilatini, yaani mwisho, zikapitia kwa Wafaransa ndipo zikafika Uingereza. Faini ni malipo ya kumaliza shauri. Ukishatoa, kesi imekwisha. Na ile ya kusifu ni kitu kilichofikishwa mwisho wa ubora wake, hakina tena cha kuongezwa. Kutoka hapo neno likazidi kutambaa: dhahabu iliyosafishwa, uzi mwembamba, unga uliochekechwa, mchanga wa kupigia lipu, yale maandishi madogo chini ya mkataba ambayo husomi mpaka siku ya kulia. Nikamkatiza: na wavu wenye matundu madogo? Huo pia, mama. Kwa hiyo mvuvi wetu angekuwa Mwingereza, angepigwa fine kwa sababu ya wavu fine. Nikacheka, kisha nikakumbuka kwamba nina uchungu.

"Sasa bosi alimaanisha ipi?"

"Kwani alilisemaje, mama? Alivuta au alikata?"

Huyo ni mwanangu kabisa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba maneno mengine alikuwa nayo. Neema anasema kuna daktari wa Uingereza, Peter Mark Roget, aliyetoa kitabu mwaka 1852 akiwa amepanga maneno ya Kiingereza kwa maana badala ya alfabeti, yanayokaribiana kayaweka chumba kimoja. Chumba kizima! "Good" limo, "excellent" limo, na kuna "well done", ambalo mwalimu wangu wa darasa la tano alikuwa akiliandika kwa wino mwekundu hata kwa watoto waliokosa nusu. Halafu ngazi zenyewe hazieleweki. Mwingereza akikuambia "not bad" huenda amekusifu mno, na "quite good" yake ni ndogo kuliko ya Mmarekani. Bosi wetu ametokea Morogoro. Ngazi ya Morogoro nani anaijua?

Mimi naona fine ni neno la mabahili. Mtu anakusifu bila mfuko wake kupungua, na kesho akikugeuka hana deni na wewe. Angesema "sawa, mama", ningelala fofofo, maana sawa haijifanyi sifa. Hata hali ya hewa wanaiita hivyo. Siku ya mazishi Kasulu anga lilikuwa jeupe, jua limewaka, hakuna hata kiwingu. Mwingereza angetoka nje akasema fine. Wakwe zangu walikuwa wanatazama juu kwa hasira, mahindi yamo ardhini na mvua imekata.

Halafu Jumatano jioni, mazoezi ya kwaya. Mwalimu akagonga meza: "Turudi mwanzo, tuimbe mpaka fi-ne." Hivyo hivyo, fi-ne, kama lilivyoandikwa kwenye nota, kama tulivyolisoma tangu niko msichana, na kumbe ndivyo wenyewe Waitalia wanavyolitamka. Umeimba wimbo wote, umerudishwa mwanzo, ukilikuta hilo neno unafunga mdomo. Kicheko kikanishika katikati ya kiitikio, sauti ya kwanza wote wakageuka. Nilikuwa namwona bosi na jalada lake. Hakusifu, hakukosoa, hakunipiga faini. Alikuwa anasoma nota! Ripoti imefika fi-ne, mama, kaa chini. Niliimba jioni ile mpaka mwalimu akaniambia nipunguze.

Alhamisi bosi akanisimamisha koridoni, akaomba nimtumie jedwali kwenye simu. Lile lile ambalo hakuna aliyeniomba. Nikamtumia kabla hajafika mlangoni kwake. Akajibu kwa kidole gumba.

Msinianzishie habari za kidole gumba, naomba.

Nina jambo zito zaidi. Jumamosi ni arusi ya mtoto wa jirani, pilau nimepewa mimi, na sufuria yangu kubwa ilibaki kwenye msiba Kasulu. Baba Neema anasema kuna lori la mihogo litaipakia. Nimempigia dereva leo mchana: ndiyo kwanza yuko Kibondo, anabadilisha tairi, na anauliza sufuria gani.