Siku moja maishani mwangu: Alhamisi ya darasa, Magomeni

Saa 11 alfajiri. Simu inaita kabla muadhini hajamaliza. "Nesi, leo Alhamisi?" Namjibu ndiyo. "Nilijua. Nilitaka uhakika tu." Huyo ni Fundi, mshonaji mstaafu. Ana Alzheimer, aina ya demensia (ugonjwa wa ubongo unaofifisha kumbukumbu) inayowapata watu wengi kuliko nyingine zote, na ndiye anayeongoza darasa letu la wenye demensia. Nikiwaambia watu hivyo wanadhani natania. Mimi ni muuguzi. Darasani kazi yangu ni kumimina chai.

Saa 1 asubuhi. Mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama mpaka Magomeni Mapipa. Sina zaidi la kusimulia hapo.

Saa 2. Ukumbi tunaazimwa na serikali ya mtaa. Napanga viti duara na kuzima feni. Joto la Dar mnalijua, lakini ile feni inapiga kelele, na mwenye demensia akichanganyiwa sauti mbili anapoteza zote. Ubaoni naandika siku, na chini yake somo la leo: PESA.

Saa 3. Wanaanza kuingia, kila mmoja na mwanawe au mjukuu. Leo tuna mgeni, mama aliyekuwa karani wa benki. Majibu yake ya hospitali bado ni mapya.

"Shikamoo mama, karibu. Mmekuja na usafiri gani?"

"Tumechukua bajaji," anajibu binti yake.

"Chai nikuwekee sukari, mama?"

"Hatumii sukari," binti tena.

Mama mwenyewe anaangalia mkoba wake. Hapo ndipo kazi yangu hasa inapoanza. Namshika binti mkono: "Mdogo wangu, twende tukakae barazani." Wengine hununa. Wanune tu. Mtu akijibiwa kila swali nyumbani, mwishowe anaacha hata kujaribu, halafu tunasema ugonjwa umezidi.

Saa 4. Nimesimama mlangoni, nusu ndani nusu nje. Fundi anauliza nani wiki hii amepunjwa chenji. Mikono inanyooka, vicheko vinafuata. Anatoa noti mfukoni. "Mimi tarakimu zinanicheza, kwa hiyo siziangalii. Naangalia mnyama. Simba, elfu mbili. Faru, elfu tano. Tembo ndiye msimbazi, elfu kumi, huyo hatoki mfukoni mpaka nifike dukani kwa mtu anayenijua."

Anampa mgeni zile noti. Mama anazipokea, anazigeuza zote zitazame upande mmoja, anazipitisha kwa kidole gumba kama wafanyavyo watu wa kaunta, kisha anachomoa moja. "Hii imechakaa. Sisi tungeitoa kwenye mzunguko." Ndiyo sentensi yake ya kwanza tangu aingie. Nikatazama barazani, binti alikuwa ameisikia.

Baada ya hapo somo likaacha pesa, kama kawaida yake. Babu mmoja akasema anaposali anafika katikati hajui yuko rakaa ya ngapi, na anaona haya kumwambia mtu. Mwenzake hakufikiri hata kidogo: "Nenda kasali jamaa msikitini. Anayehesabu ni imamu, wewe fuata." Bibi wa Mwembechai naye akaeleza anavyopika: haachi mwiko. Akijikuta sebuleni na mwiko mkononi, anajua kuna sufuria motoni. Chuo cha uuguzi hakikunifundisha lolote kati ya hayo, na ningeyasema mimi yasingepokelewa hivyo.

Saa 6 mchana, kwenye chai na maandazi, mgeni akauliza alilokuja nalo. "Daktari aliniambia niache shughuli, nipumzike. Nipumzike mpaka lini?"

Nikamsimulia Kate Swaffer wa Australia. Aligundulika kuwa na demensia akiwa na miaka 49, akaambiwa aache kazi na masomo. Akaendelea na chuo kikuu, na mwaka 2014 akawa miongoni mwa waanzilishi wa Dementia Alliance International, chama cha kimataifa cha watu wenye demensia wenyewe. Nikamwambia pia kwamba York, Uingereza, wenye demensia walitunga kozi ya kuwapokea waliogundulika karibuni. Alisikiliza kwa adabu. Kilichomgusa ni Fundi: "Mimi nilipumzika, mama. Nikaanza kuwakwepa hata majirani. Nikarudi kwenye cherehani. Vipimo sivikumbuki, navibana kwa pini kwenye kitambaa cha mteja."

Saa 7. Barazani kwa watoto, na maswali ni yale yale. Dawa itamponya? Hapana, zilizopo huwapunguzia baadhi yao dalili kwa muda. Amerogwa? Hapana, ni ugonjwa wa ubongo. Tufanye nini basi? Simamieni presha na sukari, mpimeni usikivu, na mkimuuliza jambo, nyamazeni mpaka ajibu. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda.

Saa 9. Manzese, kumtembelea mzee ambaye hajaja. Familia inasema ugonjwa umepanda: tangu juzi anaweweseka, mchana analala, usiku anapiga kelele. Demensia kwa kawaida huenda polepole, haimgeuzi mtu kwa siku mbili. Namgusa, ana homa. Hapa hakuna cha darasa. Inaweza kuwa malaria, inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, na vyote vina tiba. Tumeita bajaji, kaenda hospitali na kijana wake. Naomba wenye wazee nyumbani mlishike hili kuliko yote niliyoandika hapa.

Saa 12 jioni. Fundi anapiga tena, wamekubaliana somo la wiki ijayo: simu. Watoto wanawanyang'anya simu kwa kuhofia matapeli, na wazee wamechoka. Mgeni wetu kajitolea kufundisha jinsi ya kulinda namba ya siri. Nikiwa bado napika, binti yake ananitumia ujumbe: mama ameshakaa mezani anaandika somo lake, nimsaidie?

Nikamjibu: akikuomba.