Kinyonga ndani ya bika

Jamani, leo kidato cha tano wamenifurahisha! Kila nikiwaambia metali za mpito (zile za katikati ya jedwali la elementi, kama chuma na mangenizi) zina namba nyingi za oksidisheni (hesabu ya elektroni ambazo atomu imetoa), wananukuu tu kimya. Leo nikaweka chaki pembeni. Kwenye bika (chombo cha kioo cha maabara) nikaweka maji, sukari na kostiki kidogo (ile ya watengeneza sabuni, inaunguza, msiguse bila glavu na miwani). Juu yake nikadondoshea myeyusho wa pamanganeti ya potasiamu.

Zambarau ikaingia bluu, ikawa kijani kabisa, halafu taratibu njano ya kahawia. Darasa zima likahamia mezani.

Iko hivi: mangenizi ndani ya pamanganeti ina +7. Sukari inaipa elektroni, inashuka hadi +6, ndiyo hiyo kijani. Ile bluu ni zambarau na kijani vikipishana tu. Ikifika +4 ni mangenizi dayoksaidi, ya kahawia. Sodiamu haina vituko hivi, yenyewe +1 basi. Mangenizi ina elektroni 5 za 3d na 2 za 4s (majina ya tabaka zake mbili za nje), nishati zake zimekaribiana, kwa hiyo inaweza kutumia chache au zote 7.

Binti mmoja akauliza: mbona kwenye taitresheni (kudondoshea pamanganeti kidogo kidogo hadi mmenyuko ukamilike) na chuma(II) salfeti rangi inapotea kabisa? Swali la maana sana hilo! Pale kuna asidi, mangenizi inashuka moja kwa moja mpaka +2, ambayo karibu haina rangi. Ndiyo maana hatuhitaji kiashiria (kemikali ya kuonyesha mwisho kwa rangi): zambarau ikianza kubaki, tumefika.

Wiki ijayo vanadiamu, metali nyingine ya mpito, zinki ikipatikana.