Orodha ya Maneno ya Beira

Aprili 2019, wiki chache baada ya Kimbunga Idai kuupiga mji wa Beira nchini Msumbiji, nilikuwa huko nikifanya kazi ya ukalimani. Kipindupindu kilikuwa kimetangazwa Machi 27, na chanjo ya kunywa, takribani dozi 900,000, ilishaanza kutolewa. Madaktari wengi wa kigeni walijua Kiingereza. Wagonjwa walisema Kisena, Kindau na Kireno. Shirika moja likanikabidhi orodha ya maneno ya Kiingereza ambayo mtu alishayatafsiri kwa Kireno. Nikaambiwa niipitie haraka, inakwenda kuchapwa.

Niliipeleka kwanza Munhava, mtaa mmoja wa Beira, kwa muuguzi mmoja, mama wa makamo ambaye kila mtu alimwita Dona. Tulikaa kwenye benchi nje ya kituo cha afya. Akavaa miwani, akawa anasoma neno moja moja kwa sauti, kalamu nyekundu mkononi.

Alipofika kwenye “constipation” akanyamaza. Mbele yake palikuwa pameandikwa “constipação”.

“Mwanangu, haya si mafua?”

Ni mafua. Kufunga choo kwa Kireno ni “prisão de ventre”. Nikapata picha ya mzee anayekohoa: daktari anamuuliza, anaitikia kwa kichwa, anaondoka na dawa ya kulainisha choo katikati ya mlipuko wa kipindupindu. Nilipandwa na hasira, na hadi leo nikikumbuka zinanipanda. Mfasiri alifuata sura ya neno, mgonjwa hakumfikiria.

Tukaendelea. Dawa ya kutibu maji iliandikwa “hipoclorito de sódio”, sahihi kabisa kwenye kamusi. Dona akaandika pembeni: Certeza, jina lililoko kwenye kichupa chenyewe dukani. “Banheiro” ya Wabrazili, yaani choo, akaikata, akaweka “casa de banho”, na “latrina” kwa wasio na choo cha ndani. Palipoandikwa “campo” kwa maana ya shamba, akaandika “machamba”, nami mtoto wa Songea sikuhitaji kuelezwa.

Giza lilituingilia hatujamaliza. Kesho yake Dona alikuja na wenzake wawili. Wakachora safu ya tatu kwa rula, wakaanza kujaza Kisena, huku wakibishana neno la kuishiwa maji mwilini hadi wakamwita mfagiaji wa kituo aamue.